Upasuaji wa mawe ya figo kwa wazee: hatari kubwa iko kwenye kuchelewa

Katika familia nyingi za Masasi na Newala, mzee anapoambiwa kwamba ana jiwe kwenye figo, jambo la kwanza linalozungumzwa ni umri wake. Watoto, wajomba na ndugu wa karibu hukaa kikao, na mara nyingi hoja inayoshinda ni kwamba mtu wa miaka 70 akipigwa nusu kaputi hataamka, kwa hiyo heri abaki nyumbani na maumivu yake, anywe dawa za kutuliza na kuombewa. Hofu hiyo haifai kubezwa. Kila mtu kusini mwa Tanzania amewahi kusikia habari za mzee aliyeingia thieta akiongea na kutoka akiwa amefunikwa shuka. Lakini hofu hiyo inaitwisha miaka mzigo ambao kwa sehemu kubwa si wake. Ushahidi uliokusanywa tangu miaka ya 1970 unaonyesha kwamba mzee anaweza kuondolewa jiwe kwa mafanikio yanayolingana na ya kijana, na kwamba kinachomuua mara nyingi ni muda uliopita kabla hajafika hospitali, usaha ulioachwa ndani ya figo, na uangalizi hafifu wa siku chache baada ya upasuaji. Hayo matatu yanarekebishika, hata kwenye uwanda wa Makonde, ilipo Newala.

Kwanza lazima tutenganishe mambo, kwa sababu neno "mawe" hubeba magonjwa zaidi ya moja. Jiwe laweza kuwa kwenye kibofu, na kwa wanaume wazee mara nyingi hutokana na tezi dume iliyokua na kuuzuia mkojo usitoke wote. Mkojo ukibaki na kutuama, chumvi zake hujenga jiwe. Jiwe la namna hiyo huweza kutolewa kwa upasuaji mfupi kwa ganzi ya mgongoni, mgonjwa akiwa macho, lakini tezi isiposhughulikiwa jiwe litarudi. Jiwe laweza pia kukwama kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Hili ndilo linaloleta maumivu makali ya ubavuni na ndilo linaloweza kuziba figo ndani ya saa chache. Na laweza kuwa ndani ya figo yenyewe, likakua kimyakimya kwa miaka hadi kujaza vyumba vyote vya figo na kuota matawi kama pembe. Kusini kuna jambo la nne la kuzingatia: kichocho cha mkojo, ambacho kimekuwapo kwa muda mrefu katika mabonde na madimbwi ya kanda hii, huacha makovu yanayobana mirija na kibofu, na huleta damu kwenye mkojo kama jiwe linavyoleta. Kwa hiyo mzee anayekojoa damu hapaswi kuhukumiwa kwa kukisia. Anaweza kuwa na jiwe, kichocho, tezi dume au saratani ya kibofu, na kila kimoja kina njia yake. Swali "je, upasuaji wa mawe ni salama kwa mzee?" halina jibu mpaka tujue jiwe liko wapi, lina ukubwa gani, na kama limeziba.

Ukubwa pekee huamua mengi. Mapitio ya vyama vya madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani na Ulaya ya mwaka 2007 yalikadiria kwamba kati ya mawe 100 ya kwenye mrija yasiyozidi milimita 5, takribani 68 hutoka yenyewe. Kwa yale ya milimita 5 hadi 10 ni takribani 47. Mzee mwenye jiwe dogo, asiye na homa, ambaye figo zake zinafanya kazi, anaweza kusubiri kwa utaratibu, na kwake huko kusubiri ni tiba. Jiwe lisipotoka, leo ziko njia nyingi. Liko linalopondwa kwa mawimbi kutoka nje ya mwili bila kisu, njia ambayo haimfai mwenye tatizo la kuganda kwa damu wala mwenye maambukizi yasiyotibiwa. Liko linalofuatwa kwa kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo. Na lililo kubwa ndani ya figo hutolewa kupitia tundu dogo mgongoni. Upasuaji wa wazi, ambao wazee wetu wanaukumbuka kwa kovu refu la ubavuni, bado una nafasi yake mahali pasipo na vifaa hivyo, lakini si picha pekee ya tiba hii.

Njia ya tundu la mgongoni ndiyo nzito zaidi kati ya hizo mpya, kwa hiyo inafaa kuwa kipimo chetu. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliofuatilia wagonjwa 5,803 katika vituo 96 kati ya 2007 na 2009 uligundua kwamba karibu wanane katika kila kumi hawakupata madhara yoyote. Waliotokwa damu kwa kiasi cha kuhesabika kuwa tatizo walikuwa asilimia 7.8, walioongezewa damu asilimia 5.7, na waliopata homa kali asilimia 10.5. Vifo vilikuwa chini ya kimoja katika kila wagonjwa elfu. Wachambuzi walipowatenga wagonjwa wa miaka 70 na zaidi, waliona kwamba mawe yao yaliondolewa kwa mafanikio yanayolingana na ya vijana, ingawa madhara yalikuwa mengi zaidi kwao. Matokeo hayo yasomwe yote mawili pamoja. Mzee hupata madhara zaidi, na kusema vinginevyo ni kumdanganya. Lakini madhara hayo kwa sehemu kubwa ni homa, damu kupungua na kukaa wodini siku zaidi, mambo yanayotibika pale yanapotarajiwa na kuonekana mapema.

Kwa nini basi mzee mmoja wa miaka 78 hutoka salama na mwingine wa miaka 66 huzidiwa? Jibu ambalo wataalamu wa tiba ya wazee wamelijenga kwa muda mrefu ni kwamba umri wa kalenda hubashiri vibaya kuliko udhaifu wa mwili. Mwaka 2005 Kenneth Rockwood na wenzake wa Canada walitoa mizani rahisi inayompima mzee kwa maisha yake ya kila siku: anatembea mwenyewe, anajipikia, anahitaji msaada kuoga, analala kitandani mchana kutwa? Mizani hiyo haihitaji mashine wala umeme, na muuguzi wa Kitangari huko Newala anaweza kuitumia sawa na daktari wa Dar es Salaam. Mzee anayekwenda shamba lake la mikorosho na kurudi kwa miguu ana akiba ya mwili ambayo karatasi ya umri haiionyeshi. Kinyume chake, mzee aliyekonda ana hatari inayojificha hata kwenye majibu ya maabara: kreatinini hutokana na misuli, kwa hiyo mtu mwenye misuli michache anaweza kuonyesha kiwango kinachoonekana cha kawaida wakati figo zake zimechoka. Daktari asipokokotoa uwezo wa figo kwa kuzingatia umri na uzito, anaweza kumpa dawa kama jentamaisini kwa dozi itakayomaliza kilichobaki. Kisukari na shinikizo la damu, ambavyo wengi hawajapimwa kabisa, huingia kwenye hesabu hiyohiyo.

Hadi hapa tumepima hatari ya kisu. Haki inataka tupime pia hatari ya kukaa bila kisu, maana familia inayosema "tumwache" inadhani imechagua njia isiyo na hatari. Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza, Blandy na Singh, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wenye mawe ya matawi: waliotibiwa bila upasuaji, asilimia 28 walikufa ndani ya miaka kumi, dhidi ya takribani asilimia 7 ya waliopasuliwa. Tafiti ndogo za karibuni zimeonyesha kwamba wazee wachache waliochaguliwa vizuri na kufuatiliwa kwa karibu wanaweza kuishi na mawe hayo, lakini neno zito hapo ni "kufuatiliwa". Ushahidi mkali zaidi uko kwa jiwe lililoziba mrija na kuleta maambukizi kwenye damu. Takwimu za hospitali za Marekani za 2007 hadi 2009 zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa namna hiyo ambao figo haikufunguliwa njia ya mkojo, karibu 19 kwa kila 100 walikufa. Waliofunguliwa walikufa 9 kwa kila 100. Hao wote walikuwa hospitalini. Dawa peke yake haifiki vizuri kwenye figo iliyoziba na kujaa usaha; lazima usaha utoke.

Tatizo la mzee ni kwamba figo iliyojaa usaha haipigi kelele kwake kama inavyopiga kwa kijana. Kijana hugaagaa kwa maumivu. Mzee anaweza kuacha tu kula, akaanza kuongea yasiyoeleweka, akalala mchana na kukesha usiku, bila homa ya kuonekana. Nyumbani hali hiyo huitwa uzee, malaria, au mkono wa mtu. Wakati huohuo anapewa vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki kutoka duka la dawa. Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulijaribiwa kwa mara ya kwanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 kabla ya kuenea nchini, yameokoa wengi vijijini, lakini vidonge hivyo kwa mzee mwenye figo iliyoziba na mwili uliokaukiwa maji hupunguza damu inayoingia kwenye figo na kuharakisha kushindwa kwake. Na ukavu huo wa mwili una historia hapa. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaomeza mvua. Maji hupatikana mabondeni, chini ya kingo za uwanda, na tangu miaka ya 1950 kumekuwa na miradi ya kuyasukuma kupandisha Newala na Tandahimba. Mzee anayehesabu ndoo hunywa kidogo, na msimu wa korosho huja katika miezi ya jua kali. Maji ya bomba yanayofika bila kukatika ni sehemu ya kinga ya figo, ingawa mjadala wa upasuaji huyasahau.

Sasa tuangalie saa zinapotelea wapi. Kutoka kijiji cha Newala mgonjwa huanza zahanati, akapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Akihitaji zaidi, iko Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, iko Hospitali ya Mtakatifu Benedikto ya Ndanda, kilomita 40 hivi kutoka Masasi, ambako wamisionari Wabenediktini waliweka makao mwaka 1906, na iko Hospitali ya Ligula mjini Mtwara. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilomita 210, na kwa miongo mingi sehemu kubwa yake ilikuwa udongo ambao masika huugeuza utelezi. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mitengo, Mtwara, na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 ulisaidia kupeleka mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Kwa tiba kamili ya mawe makubwa, hata hivyo, mabingwa wa mfumo wa mkojo wamejikusanya zaidi katika hospitali za Muhimbili jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na KCMC mjini Moshi, mbali zaidi. Mzee mwenye usaha kwenye figo akipewa rufaa ya Dar es Salaam kutoka Newala bila kufanyiwa lolote kwanza, safari yenyewe yaweza kuwa sehemu ya ugonjwa.

Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Tiba ya jiwe kwa mzee igawanywe hatua mbili, na hatua ya kwanza ifanyike karibu. Hatua ya kwanza ni kuufungulia mkojo njia: kupitisha mrija mwembamba mgongoni hadi kwenye figo kwa kuongozwa na utrasaundi, au kuweka mpira wa ndani kupitia njia ya mkojo. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1998 kwa wagonjwa 42 halikuona njia moja kuipita nyingine. Kwa mzee, mrija wa mgongoni una faida ya pekee: unaweza kuwekwa kwa ganzi ya kwenye ngozi tu, bila nusu kaputi, kwa hiyo ile hofu kuu ya familia haihusiki kabisa. Figo ikishamwaga usaha, antibayotiki hufanya kazi, sukari hushushwa, presha hutulizwa, mkojo hupelekwa kuoteshwa ili kujua dawa inayofaa, na wiki kadhaa baadaye mzee husafiri kwenda kuondolewa jiwe akiwa mgonjwa wa kupangiwa tarehe, si wa kubebwa. Mtu yuleyule, umri uleule, jiwe lilelile, lakini hatari imeshuka sana. Kwa hiyo kabla ya kuota mashine za leza, kusini kunahitaji daktari aliyefundishwa kuweka mrija huo, seti za mirija zisizoisha, utrasaundi inayofanya kazi usiku, na damu salama.

Mpinzani wa kwanza atasema takwimu hizi zimetoka ughaibuni, kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na wauguzi wa kutosha. Anasema kweli, na Afrika yenyewe imempa ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wagonjwa zaidi ya 11,000 wa upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika ulikuta kwamba asilimia 2.1 walikufa, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa hao walikuwa vijana na wenye afya bora kuliko wa kwingineko. Lakini soma sehemu ya pili: asilimia 94 ya vifo hivyo vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Mgonjwa alitoka thieta hai. Akafia wodini, pale ambapo mapigo ya moyo, pumzi na kiasi cha mkojo huenda havikupimwa usiku. Hoja ya mpinzani basi inatuelekeza mahali pa kutengeneza. Na kutengeneza kunawezekana nchini: Hospitali ya Mtakatifu Francis ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa usalama wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 na 2008, na kwa jumla ya hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo ni karatasi moja na nidhamu ya kuisoma kwa sauti.

Mpinzani wa pili atauliza kwa nini fedha haba zitumike kwa mzee ilhali mama wajawazito na watoto bado wanakufa. Swali lina uzito, ila linadhani kwamba vifaa hivi ni vya mzee pekee. Wodi inayopima wagonjwa usiku humwokoa pia mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa uzazi. Benki ya damu ni ya wote. Mrija wa figo humfaa pia mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyoziba mirija ya mkojo. Tena taifa lilishaahidi: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliwatambua watu wa miaka 60 na zaidi, na utaratibu wa msamaha unawapa matibabu bure wasio na uwezo. Kusini pia kumeshaonyesha kwamba wazee hawakatai kisu kikifika karibu na kwa heshima: kampeni za upasuaji wa mabusha katika mikoa ya Mtwara na Lindi zimewafikia wanaume waliokuwa wameishi na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Upasuaji wenyewe si mgeni hapa. Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika mwaka 1935 na kupasua wagonjwa Masasi na Lulindi kwa vifaa vichache, ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania mwaka 1975.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, nalo linahusu mrija wenyewe. Mrija uliowekwa lazima ubadilishwe au utolewe, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Ukisahaulika, chumvi hujenga jiwe juu yake na tatizo la pili huzidi la kwanza. Mzee akirudi kijijini, nauli ikakosekana na korosho zikawa zinaokotwa, nani atamkumbusha? Hatua ya kwanza bila ufuatiliaji ni hatari mpya, na hospitali isiyo na namna ya kufuatilia isijivunie kuweka mirija. Jawabu ni daftari la kila aliyewekewa mrija, lenye tarehe ya kuutoa na simu za ndugu wawili, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepewa jina hilo. Kambi za madaktari bingwa zilizoanza kuzunguka hospitali za halmashauri mwaka 2024 zinaweza kupangiwa siku za wagonjwa hawa badala ya kuwangoja waje wenyewe. Gharama nayo isifichwe: Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, uliotoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ulimfikisha mgonjwa hadi hospitali ya mkoa, lakini msamaha wa matibabu haulipi basi, chakula cha msindikizaji wala mahali pa kulala Dar es Salaam. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itakuwa na maana kwa Newala pale safari ya rufaa itakapohesabiwa kuwa sehemu ya matibabu.

Wako pia wazee ambao hawapaswi kupasuliwa, na kulisema hilo ni sehemu ya usalama. Mzee asiyetoka tena kitandani, mwenye ugonjwa mwingine unaomaliza siku zake, ambaye jiwe lake halimuumi wala halizibi, anastahili maji ya kutosha, dawa ya maumivu isiyodhuru figo, na kuachwa kwa amani. Lakini uamuzi huo utokane na hali yake na matakwa yake, naye aulizwe mwenyewe. Mara nyingi kikao cha wajomba na watoto huamua mzee akiwa chumba cha pili, na daktari hushauriana na anayelipa. Mzee mwenye akili timamu ana haki ya kujua jiwe liko wapi, limeziba au halijaziba, nini kitatokea akipasuliwa na nini kitatokea akiachwa, kwa lugha anayoielewa, Kimakonde, Kiyao au Kimakua ikibidi.

Kwa hiyo familia inayomfikisha mzee wake hospitali ya wilaya iache kuanza na swali la umri. Iulize kama mkojo umezibwa, kama kuna usaha, figo zina uwezo gani baada ya kukokotolewa kwa umri na uzito, na nani atakayempima usiku wa kwanza baada ya upasuaji. Madaktari nao waulizwe, bila kuonekana ni ukaidi, kama njia ya mkojo inaweza kufunguliwa hapa kabla ya safari ndefu. Na wanaopanga bajeti za halmashauri za Masasi na Newala watambue kwamba majibu ya maswali hayo yako mikononi mwao kuliko mikononi mwa bingwa yeyote wa Dar es Salaam. Miaka ya mzee haipunguziki. Siku anazosubiri akiwa na figo iliyoziba zinapunguzika, na kila inayopungua ni hatari iliyoondolewa kabla kisu hakijaguswa.